Kuzizoesha Mbao za Sakafu Hewa ya Chumba Kabla ya Kuzipiga

Mbao za sakafu zinazoshushwa bandarini Malindi, mjini Zanzibar, zikitoka Bara hufika na unyevu wa mahali zilikokaushwa, ilhali hewa ya Unguja, hasa katika masika, huwa nzito kwa unyevu. Ubao hunywa unyevu au huutoa mpaka ulingane na hewa inayouzunguka, na ukinywa huvimba kwa upana zaidi kuliko kwa urefu, ndiyo maana sakafu iliyopigwa kwa pupa hunyanyuka katikati ya chumba.

Chumba ndicho kitangulie kutayarishwa. Plasta, chokaa na rangi viwe vimekauka, madirisha yawe yametiwa, na hewa iwe ile watakayoishi nayo wenyewe: kama watatumia kiyoyozi, kiwashwe siku kadhaa kabla, kama hulala madirisha wazi, yaachwe wazi.

Sakafu ya saruji nayo ipimwe. Tandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, bana kingo zote kwa selotepu pana, kisha ukiache kwa muda usiopungua saa 16. Ukikuta matone chini yake, au saruji imekoza rangi, subiri. Katika nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe unyevu hupanda kutoka ardhini, kwa hiyo pima pia karibu na kuta. Mimi nisingepiga mbao chumba cha chini ambacho chokaa yake inapukutika.

Hapo ndipo mafurushi yafunguliwe. Zipange mbao mbali na ukuta na jua, zisiguse saruji, na kila safu itenganishwe na nyingine kwa fito za unene mmoja ili hewa ipite. Chagua mbao tatu, zipime kwenye mzani kila asubuhi, na uandike uzito kwa penseli mgongoni mwa kila ubao. Wauzaji wengi hutaja saa 48, muda ambao huweza kutosha kwa lamineti (vibao vya kiwandani vya tabaka zilizogandishwa) iliyolazwa ndani ya maboksi yake, lakini mninga au mvule mzito huenda ukahitaji wiki moja au zaidi. Mzani ndio wa kusikilizwa: uzito usipobadilika siku tatu mfululizo, mbao zimetulia.

Zipige mara moja, ukiacha nafasi ya milimita 10 hivi kando ya kuta, itakayofichwa na skatingi, yaani ubao mwembamba wa chini ya ukuta. Kazi ikikawia mpaka msimu ukabadilika, pima upya.