Jinsi ya kubeti dhidi ya dadu kwenye krapsi

Kwenye meza ya krapsi, ule mchezo wa kamari wa dadu mbili kasinoni, watu wengi wanabeti upande wa mrushaji, wanashangilia pamoja na wanaliwa pamoja. Upande wa pili, wa kuombea mrushaji achemshe, watu wanauogopa bure tu, sheria zake ni zilezile zimegeuzwa, isipokuwa sehemu moja ndogo ambayo ndo kasino inapopatia hela yake.

Subiri kwanza mpaka meza haina pointi (namba inayosubiriwa irudi), yaani kile kidude cha duara cha kuonyesha pointi kiwe kimegeuzwa upande wake mweusi juu. Weka chipu zako kwenye Donti Pasi, ule mstari mwembamba ulio sambamba na mstari wa Pasi, wa wanaobeti upande wa mrushaji. Mrusho wa kwanza ukileta 7 au 11 umeliwa, ukileta 2 au 3 umeshinda na unalipwa sawa kwa sawa, ukileta 12 hamna aliyeshinda kwa upande wako, chipu zinabaki palepale. Namba nyingine yoyote, 4, 5, 6, 8, 9 au 10, inakuwa pointi, na kuanzia hapo wewe unaitaka 7 itoke kabla namba hiyo haijarudi.

Sasa hiyo 12. Mtu wa Pasi ikitoka 12 analiwa, kwa hiyo kwa haki wewe ungetakiwa ulipwe, lakini wangekulipa basi faida ya muda mrefu ingehamia kwako na hakuna kasino inayofungua meza kwa ajili hiyo. Ndo maana wakaizuia. Kwa wastani, kwenye raundi 1,980 Donti Pasi inashinda 949, inapoteza 976, na 55 zinatoka bila bila. Faida ya nyumba, yaani kasino, hapo ni kama 1.36%, na kwa Pasi ni 1.41%, kwa hiyo anayekuambia huu upande ni siri ya kutajirika anakudanganya, tofauti ni kiduchu mno. Kuna meza zinazuia 2 badala ya 12, hesabu inabaki ileile, ila ukikuta meza imezuia 3 ondoka, hapo faida yao inapita 4%.

Kinachotofautiana kweli ni lini unaumia. Dadu mbili zinaweza kuangukia kwa namna 36, na kwenye mrusho wa kwanza namna 8 zinakula hela yako wakati 3 tu ndo zinakulipa, yaani hapo roho mkononi. Ukishavuka, meza inageuka inakuwa yako, kwa sababu 7 ina njia 6 za kutoka, 6 na 8 zina njia 5 kila moja, 5 na 9 zina 4, na 4 na 10 zina 3 tu. Pointi ikiwa 4 au 10 unashinda mara mbili kati ya tatu, ikiwa 5 au 9 ni 60%, hata 6 au 8 bado uko mbele kwa 54.5% hivi.

Na hapa ndo wageni wanapopigwa. Beti ya Pasi ikishapata pointi hairuhusiwi kutolewa, lakini ya Donti Pasi dila, yule mfanyakazi wa kasino anayeendesha meza, atakuachia uitoe muda wowote, bila hata kukuuliza. Ukarimu huo wa nini? Kwa sababu hapo wewe ndo mwenye nafasi nzuri, na ukijitoa umewafanyia kazi yao. Acha chipu zikae, hata kama pointi ni 6 na moyo unadunda.

Pointi ikishawekwa unaweza kuongezea odi, yaani beti ya nyongeza, nyuma ya beti yako. Hii inalipwa kwa uwezekano halisi bila nyumba kukata chochote, ila kwa kuwa wewe ndo unayepewa nafasi kubwa, unaweka nyingi kushinda chache: kwa 4 au 10 unaweka 20 upate 10, kwa 5 au 9 unaweka 15 upate 10, kwa 6 au 8 unaweka 12 upate 10. Mwambie dila unataka odi, atakuonyesha zinavyopangwa. Mimi kwa mfuko mdogo naona haina haja, faida ya nyumba kwenye beti yako ya mwanzo inabaki ileile na 7 ikichelewa unalia na rundo kubwa zaidi.

Ukifika wakati pointi iko mezani tayari huwezi kuingia Donti Pasi, tumia Donti Kamu, inafanya kazi vilevile ila mrusho unaofuata ndo unahesabika kama wa kwanza kwako.

Halafu tabia. Wenzako wakiliwa kwa 7 wewe ndo umeshinda, kwa hiyo usiruke ruke, kusanya chipu zako kimya na usiitaje 7 kwa sauti. Zamu ya kurusha ikikufikia unaweza kubeti Donti Pasi dhidi ya mkono wako mwenyewe, sheria inaruhusu, au kama hutaki macho ya watu mwambie mwenye fimbo, yule mfanyakazi anayesogeza dadu, kwamba hurushi, dadu zitaenda kwa jirani na beti yako unaweka kama kawaida.