Jinsi ya Kusoma Mabaki ya Shamba la Zama za Kati Lililozungukwa na Handaki la Maji

Mwanafunzi wa akiolojia aliyeko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hahitaji viza ili aanze kuchunguza nyumba za shamba za Uingereza zilizozungushiwa handaki la maji, ambazo takriban 6,000 zinajulikana na nyingi zilijengwa kati ya mwaka 1250 na 1350. Serikali ya nchi hiyo hutoa bure vipimo vya mwinuko wa ardhi vilivyochukuliwa kwa leza kutoka ndegeni, na programu ya ramani ya QGIS, ambayo nayo ni ya bure, hutosha kuvifungua. Faili zake ni nzito, kwa hiyo chagua kipande kidogo cha Suffolk, jimbo la mashariki mwa Uingereza, usije ukamaliza bando kabla ya kuona chochote.

Geuza vipimo hivyo kuwa picha ya vivuli, ukielekeza mwanga kutoka kaskazini-magharibi, kisha kutoka upande mwingine, kwa kuwa handaki lililolala sambamba na mwanga hufifia. Tafuta umbo linalokaribia mstatili, lenye kiwanja katikati. Kiwanja kikiwa juu kuliko mashamba ya jirani, yaelekea udongo uliochimbwa ulimwagwa ndani. Shimo lisilo na kiwanja huenda ni bwawa tu.

Baada ya umbo, fuatilia maji. Hapa ndipo wengi huharakisha bila sababu. Mkazi wa Dar es Salaam anajua kwamba masika yakinyesha, kichanga hunywa maji upesi ilhali mfinyanzi hubaki na madimbwi kwa siku kadhaa, na ndiyo maana mahandaki haya ni mengi kwenye mfinyanzi wa mashariki na katikati ya Uingereza. Chora mstari wa mwinuko kuanzia upande wa juu hadi wa chini, uone maji yaliingilia wapi, kama ni kwa kijito au kwa mfereji, na yalitokea wapi. Pengine utakuta mabwawa ya samaki yameunganishwa papo hapo. Usikimbilie kuandika neno ngome: handaki lilizuia wezi na kukausha kiwanja, lakini kwa wenye nyumba wengi lilikuwa hasa alama ya hadhi, na kwa maoni yangu fahari hiyo hueleza mengi kuliko vita.

Kagua pia njia ya kuingilia. Ikiwa ncha za handaki zimekatika waziwazi pande zote mbili, huenda ardhi iliachwa bila kuchimbwa tangu mwanzo. Ikiwa njia imebonyea kidogo katikati, shuku kwamba ni kifusi cha baadaye, na kwamba hapo awali palikuwa na daraja la mbao. Mbao hizo zaweza kuwa bado zimo kwenye tope, kwani mahali pasipo na hewa huhifadhi miti, ngozi, mbegu na chavua, na pete za mti zikitosha zaweza kuonyesha mwaka uliokatwa.

Kwa mazoezi ya nje, nenda kwenye magofu ya Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, ukiwa na futi kamba, karatasi ya grafu na kalamu ya risasi, upime kuta za msikiti na nafasi baina ya makaburi ya nguzo, ukiandika kila kipimo papo hapo. Usichimbe wala kuokota kigae: Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inataka leseni kwa uchimbaji wowote wa kiakiolojia.