Intakomu ya Dereva na Abiria: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulipa

Boksi la intakomu ya pikipiki (kifaa cha kuongea kinachofungwa kwenye helmeti) huwa na maandishi makubwa ya umbali: mita 800, mita 1,200, hata kilomita 2. Kwa watu wawili waliopanda pikipiki moja, tarakimu hizo hazina kazi. Kutoka mdomo wa dereva hadi sikio la abiria aliye nyuma yake hapafiki hata mita moja. Kitakachoamua kama mtasikizana kutoka Nyegezi, Mwanza, hadi Lamadi ni umbali mwingine: wa maiki na mdomo, na wa spika na tundu la sikio. Huo hupimwa kwa milimita, nao unategemea helmeti kuliko kifaa. Basi anza na helmeti.

Sheria inataka dereva na abiria wote wavae, lakini mara nyingi dereva ana helmeti nzuri na abiria anapewa ile nyepesi iliyoning'inia kwenye kioo cha pembeni. Ukifunga intakomu hapo, umenunua nusu ya mawasiliano. Chukua helmeti zote mbili, toa sponji za mashavuni (nyingi zimeshikwa kwa vifungo vya kubana), kisha papasa sehemu ya masikio. Unatafuta mbonyeo wa duara kwenye lile povu gumu. Spika za kawaida zina kipenyo cha milimita 40 hivi na unene unaokaribia milimita 10. Mbonyeo usipokuwepo, spika itakandamiza sikio, na baada ya nusu saa abiria ataanza kuinua helmeti kwa mkono au kuifungua kabisa. Ni hatari kubwa kuliko kutosikizana.

Usikubali fundi achonge povu ili spika ikae. Povu hilo ndilo linalobonyea na kumeza kishindo kichwa kinapogonga lami, na kulipunguza ubavuni mwa kichwa ni kuondoa kinga mahali pasipotengenezeka tena. Helmeti isiyo na nafasi ya spika inabadilishwa. Unaponunua nyingine, tafuta kitambulisho cha ECE (kiwango cha usalama cha Ulaya) kilichoshonwa kwenye mkanda wa kidevu, chenye herufi E ndani ya duara. Toleo la 22.06 ni jipya kuliko 22.05. Stika ya DOT (kiwango cha Marekani) iliyobandikwa nyuma peke yake si ushahidi, kwa kuwa yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuitengeneza.

Mpime abiria akiwa na nywele au kilemba atakachovaa safarini. Rasta nene husogeza helmeti juu, na spika iliyolengwa vizuri jana inajikuta inapigia muziki shavu. Kwa anayevaa hijabu, kitambaa chembamba cha pamba kinapitisha sauti bila shida. Kinacholeta shida ni pini ya pembeni na mikunjo inayorundikana sikioni, kwa hiyo mikunjo irudishwe nyuma ya sikio na pini iondolewe upande huo. Hereni kubwa zivuliwe.

Baada ya helmeti njoo kwenye aina ya mfumo. Ziko tatu. Ya kwanza ni ya waya: helmeti mbili zimeunganishwa kwenye kisanduku kimoja kwenye pikipiki. Haina haja ya kuunganishwa kwa Bluetooth kila safari na haikatiki, ila abiria akisahau kuchomoa waya wakati wa kushuka, plagi ndiyo huharibika. Pia ikichukua umeme wa pikipiki bila kichujio, utasikia mlio unaopanda na kushuka pamoja na mzunguko wa injini. Ya pili ni Bluetooth, ambayo ndiyo inayowatosha watu wawili. Ya tatu ni meshi, ambapo vifaa vingi vinajipanga vyenyewe kama mtandao, na pikipiki moja ikibaki nyuma nyingine hazikatiki. Hii ni ya msafara. Kama hamwendi pikipiki nne au tano pamoja kwenda Musoma, pesa ya meshi iweke kwenye helmeti ya abiria.

Jozi za daraja la juu za Cardo na Sena huvuka dola 500, na bado kuna ushuru na usafirishaji wa kuzifikisha Mwanza. Jozi za Kichina kama EJEAS, FreedConn au Lexin ni za bei ya chini sana, na kwa maongezi ya dereva na abiria nyingi zinatosha. Angalia tu maneno ya boksi: "watu 6" mara nyingi maana yake ni kwamba kifaa kinakumbuka vifaa sita lakini wanaozungumza kwa wakati mmoja ni wawili. Nunua jozi ya kampuni moja na modeli moja. Vifaa vya kampuni tofauti huweza kuunganishwa, lakini kwa kawaida kimoja hujifanya simu mbele ya kingine, hivyo dereva hupoteza nafasi ya simu au ya ramani, na sauti hushuka.

Hapo kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Bluetooth hupitisha sauti kwa njia mbili: ile pana ya muziki, inayokwenda upande mmoja tu, na ile nyembamba ya simu, inayobeba maongezi ya kwenda na kurudi. Vifaa vingi vya bei nafuu haviwezi kushika zote mbili kwa pamoja. Ukifungua maongezi, muziki unanyamaza. Sauti ya ramani ikisema "pinda kushoto", maongezi yanakatika na pengine hayarudi mpaka ubonyeze kitufe. Kama unaendesha kwa kufuata ramani, uliza swali moja tu dukani: sauti ya ramani ikiingia, je, abiria ananisikia bado? Jibu lisitoke mdomoni mwa muuzaji, litoke kwenye majaribio.

Maiki zipo za aina mbili, na boksi zuri lina zote. Ya mkono mgumu inayokunjika ni ya helmeti ya uso wazi au ya taya inayonyanyuka. Ya waya yenye kichwa kidogo cha kubandika ni ya helmeti iliyofunga uso mzima, nayo hukaa ndani ya kidevu. Zote zina upande wa kuelekea mdomoni, mara nyingi wenye alama ndogo. Ikigeuzwa, abiria atasikia kama mtu anayeongea chooni. Sponji ndogo ya kichwa cha maiki si pambo: bila hiyo, upepo unaigonga maiki moja kwa moja, na teknolojia ya kupunguza kelele haiwezi kutenganisha neno na dhoruba. Hakikisha kuna sponji za akiba, maana hupotea upesi.

Vifaa vingi vinaweza kuwekwa vifunguke vyenyewe mtu anapoanza kuongea. Mjini, kwenye foleni ya Buzuruga, mpango huo ni mzuri. Ukifika barabara wazi, upepo wenyewe unaifungua maiki, na ukipunguza wepesi wake wa kunasa sauti, silabi ya kwanza inamezwa: "simama" inafika "mama". Kwa dereva na abiria ni afadhali maongezi yabaki wazi muda wote na wepesi wa maiki upunguzwe hatua moja moja. Abiria huhitaji mpangilio wake, kwa sababu yuko kwenye upepo uliovurugika kutoka kichwa na mabega ya dereva. Kwenye Daraja la J.P. Magufuli, kati ya Kigongo na Busisi, karibu kilomita 3 juu ya maji yaliyo wazi, upepo wa ubavuni utawaonyesha kama mpangilio wenu umekaa sawa.

Kuhusu sauti kubwa, hili ni la afya. Ndani ya helmeti kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, kelele ya upepo mara nyingi huvuka desibeli 95. Kiwango kinachotumika sana kulinda masikio kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Kuongeza sauti ya spika ili kuushinda upepo ni kulipiga sikio mara mbili. Vaeni vizibo laini vya masikio vya povu. Vinapunguza ngurumo ya upepo, na sauti ya spika iliyo karibu na sikio bado inapita, mara nyingi ikieleweka vizuri zaidi. Dereva bado atasikia honi. Kizuizi cha kitambaa chini ya kidevu nacho hupunguza kelele nyingi kwa gharama ndogo.

Mvua na vumbi. Kanda ya ziwa ina vuli na masika, na barabara za changarawe zinazotoka kwenye lami zina vumbi jekundu linaloingia popote. Soma alama ya IP, inayoonyesha kinga dhidi ya vumbi na maji. IP67 maana yake vumbi haliingii na kifaa kinavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. IPX5 maana yake kimepimwa kwa maji ya kurushwa, ila kwa vumbi hakikupimwa, ndiyo maana ya ile X. Alama yoyote ni bure kama kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kimelegea au kimekatika. Baada ya mvua, futa na usubiri pakauke kabla ya kuchomeka chaja, maana maji yakikutana na umeme kwenye pini ndogo zile, kutu ya kijani huanza.

Chaja itoe volti 5 na ampea 1, isipokuwa kijitabu kiseme kinakubali chaji ya haraka. Betri hizi ni za lithiamu na hazipendi kuchajiwa zikiwa na joto la kupita nyuzi 45, kwa hiyo helmeti iliyoachwa juani saa saba mchana ipoe kivulini kwanza. Kifaa kisichotumika kwa miezi kihifadhiwe kikiwa na nusu ya chaji na kiongezewe kila baada ya miezi miwili au mitatu. Pendelea kile ambacho kichwa chake kinachomoka kwenye helmeti kwa kubonyeza: ukienda sokoni Kirumba unaondoka nacho mfukoni.

Dukani, fungua boksi kabla ya kulipa. Kwa jozi, hesabu vifaa viwili, spika nne, maiki za aina zote mbili kwa kila helmeti, vishikio viwili vya kubana na viwili vya gundi, waya za chaji, na ufunguo wa skrubu. Washa vyote, viunganishe, msimame pande mbili za ukuta, muongee. Kisha piga simu na uwashe ramani maongezi yakiwa wazi. Uliza pia kama kifaa kimeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kwa sababu ni chombo cha redio.

Kufunga si kazi ngumu, lakini ina mpangilio. Kifaa kikae upande wa kushoto, kwa kuwa mkono wa kulia uko kwenye mafuta. Kishikio cha kubana kinaingia kati ya gamba na povu. Ukingo ukiwa mnene au umegundishwa, tumia bamba la gundi. Safisha gamba kwa spiriti, kamwe usitumie petroli wala thina kwa kuwa vinalegeza plastiki, bandika, kandamiza kwa nusu dakika, kisha acha saa 24 kabla ya kuchomeka kifaa. Waya mrefu wa spika unakwenda sikio la kulia. Zipitishe waya nyuma ya sponji zisiguse ngozi. Ili kulenga spika, vaa helmeti, washa muziki wa chini, mwenzako aisogeze milimita chache mbele, nyuma, juu, mpaka sauti ipande ghafla. Hapo ndipo pa kubandika. Watu wengi huiweka chini mno, kwenye ndewe, kisha wanalaumu spika.

Unganisheni intakomu mbili kwanza, simu ya dereva baadaye. Kwa kawaida unabonyeza kitufe kwa sekunde kadhaa kwenye vifaa vyote viwili mpaka taa ziwake nyekundu na bluu kwa zamu, halafu unasubiri hadi dakika moja. Zikigoma, zima Bluetooth ya simu zote zilizo karibu, rudisha vifaa kwenye mpangilio wa kiwandani, anza upya. Masasisho ya programu yafanyike nyumbani kwenye intaneti ya uhakika, na ramani ya Mwanza, Geita, Simiyu na Mara ipakuliwe kwenye simu kabla ya kuondoka.

Kubalianeni maneno. "Tuta" litamkwe kabla ya tuta, ili abiria ajishike. Kwenye makutano na mzunguko, dereva asiulizwe kitu. Chaji ikiisha, abiria atumie bega la dereva: kugonga mara mbili ni punguza mwendo, kukandamiza kwa nguvu ni simama. Hayo yafundishwe mkiwa bado mmesimama.

Jaribio la kwanza liwe fupi: Nyerere Road, Igoma, hadi Kisesa. Mnapata foleni, honi za daladala, kisha barabara iliyofunguka, vyote katika safari moja. Pale Kisesa egesheni na mrekebishe: maiki isogezwe mpaka ikaribie kugusa mdomo, wepesi wake ushushwe kama upepo unasikika, sauti ya kila mmoja ipangwe peke yake, skrubu za vishikio zikazwe tena. Vifaa vikiwa vimepoteana njiani, viunganisheni upya hapo hapo mkiwa mmesimama, na mrudi kwa barabara ileile mkipima tena.