Ukucha mdogo wa kisukuku kutoka Hell Creek: ni wa mnyama gani?

Usianze na ncha, anza na kitako. Katika miamba ya Hell Creek, jimboni Montana, Marekani, yenye umri wa takriban miaka milioni 66 na zaidi, kasa, mamba na dinosau wala nyama wote waliacha kucha. Ukucha wa kweli una kiungo, yaani kishimo kilichobonyea, mara nyingi chenye tuta katikati, na kila ubavu una mfereji. Ukikosa kiungo na uso ukang'aa, huenda ni jino: tafuta makali ya msumeno kwa lenzi ya mara 10.

Pima urefu, kimo na upana wa kitako kwa milimita. Ukiwa mwembamba, umepinda sana, na una nundu kubwa chini karibu na kiungo (hapo ndipo kano ilishika), pengine ni wa mkono wa dinosau mla nyama. Wa mguu hunyooka zaidi na chini huwa bapa. Mfupi, mpana na bapa? Fikiria kasa kwanza. Nundu ikivunjika, kutaja spishi ni kubahatisha tu.

Usiuloweke kwenye siki; asidi hula mfupa.