SOMO: Fenicha za chumba cha uswahilini, pima kabla hujatoa hela

Wadau, naandika mara moja ili nikiulizwa tena nikuelekeze hapa. Nazungumzia nyumba zetu za Manzese, Tandale, Buguruni hapa Dar, zile za korido katikati vyumba huku na huku.

1. Nunua futi kamba. Usipime kwa hatua za miguu.

2. Chora chumba: mlango unafungukia wapi, dirisha, soketi.

3. Chumba cha futi 10 kwa 10 weka kitanda 5 kwa 6. Ile futi moja ambayo 6 kwa 6 ingekula zaidi ndo njia yako ya kwenda kabatini.

4. PIMA NJIA. Hapa ndo niliumia. Chumba nilipima vizuri, nikatengenezesha kitanda 6 kwa 6 cha mninga, kirikuu (kigari cha mizigo) ikafika, korido kimepita ila kukata kona kuingia chumbani kikagoma, tukakilaza, tukakisimamisha, wapi, kumbe fundi kapiga gundi na misumari kichwa na mbavu zikawa kitu kimoja. Kikalala uani siku mbili mvua ikakinyeshea, mwisho tukakata kwa msumeno na mpaka leo kinalia. Kwa hiyo pima mlango ndani ya fremu, pima korido mbele ya mlango wako na urefu wa kwenda juu, halafu KABLA ya advansi mwambie fundi unataka kitanda cha kufungua, bolti na nati. Siku ya kuchukua akifungue na kukifunga mbele yako. Akigoma, tafuta mwingine.

5. Mbao yenye vitundu na unga imebunguliwa, iache. Mbichi ni nzito, ikikauka inapinda na droo hazifungi.

MASWALI

– Mkuu 6 kwa 6 itaingia kwangu?
Umepima? Rudi namba 4.

– Bei?
Sijaandika bei popote. Nenda Keko, ulizia mafundi hata watano.

– Kaka, niko bonde la Msimbazi, maji huwa yanaingia, kabati ninunue la aina gani?
Swali zuri sana ndugu yangu. MDF (ile mbao ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi) usiguse, ikilowa inavimba na hairudi. Chukua mbao, lenye miguu mirefu, chini yake weka tofali, nguo droo za juu. Pia liache vidole vinne kutoka ukutani hewa ipite, ukuta wenye unyevu unaozesha mgongo wa kabati na hutajua mpaka nguo zinuke.

– Nyongeza, ukinunua kabati au kitanda cha mtumba angalia kunguni kwenye maungio na chini ya chaga.
Kweli kabisa, na uende na tochi.