Kuandaa Vifungashio vya Kurejelezwa: Kuosha, Kutenganisha na Makosa Yanayoharibu Mzigo

Chupa ya mafuta ya kupikia isiyofungwa vizuri ikilala usiku mmoja juu ya maboksi, asubuhi maboksi yaliyolowa hayana kazi tena. Boksi hurejelezwa kwa kulowekwa na kukorogwa majini mpaka liwe rojo, kisha rojo huchujwa na kutandazwa upya kuwa karatasi. Mafuta hayatoki kwenye nyuzi za karatasi kwa maji. Hubaki humo, na kwenye karatasi mpya hujitokeza kama madoa na matundu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya urejelezaji hufanyika jikoni na stoo, kabla gunia halijafungwa mdomo.

Wanunuzi nao wamekuwa wakali. Mwaka 2018 China ilipiga marufuku kuingiza aina nyingi za taka za plastiki, na kwa mizigo mingi iliyobaki ikaweka kikomo cha uchafu cha asilimia 0.5. Katika kilo 100, hiyo ni nusu kilo tu ya kitu kisichotakiwa.

Uliza kabla ya kukusanya

Kitu hurejelezwa pale tu palipo na mtu wa kukichukua na kiwanda cha kukiyeyusha. Muulize anayechukua mzigo wako mambo manne: anapokea plastiki za namba zipi (ile namba iliyo ndani ya pembetatu kwenye chombo), vizibo vibaki au vitoke, chupa zibondwe au ziachwe zilivyo, na kama chupa za kioo zitenganishwe kwa rangi. Majibu hutofautiana kwa sababu mitambo inatofautiana. Kukusanya magunia kumi ya kitu asichokitaka ni kuhamisha jalala tu.

Vifaa ni vichache: magunia manne au matano, ndoo, kisu, na sumaku ndogo, hata ile ya kwenye spika mbovu.

Kuosha kiasi gani

Hapa watu hupotoka pande mbili. Wapo wasioosha kabisa, na wapo wanaoosha kopo kama sahani ya mgeni. Kiwandani plastiki itasagwa na kuoshwa tena kwa maji ya moto na kostiki soda, kemikali kali ya kusafishia, kwa hiyo kung'aa si kazi yako. Kazi yako ni kuondoa chakula, kwa sababu ndicho kinachooza, kinachoita nzi na panya, na kinachopaka vitu vingine uchafu.

Chupa ya nusu lita inatosha maji ya kimo cha vidole viwili. Funga, tikisa kama sekunde kumi, mwaga, isimamishe kichwa chini mpaka ikauke. Tumia maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Kuchemsha maji mapya kwa ajili ya kopo moja kunakula nishati ileile unayotaka kuiokoa. Mtungi wa siagi ya karanga au mayonezi ukwangue kwanza kwa mwiko, uache na maji usiku kucha, ndipo uusuuze. Usipotakata hata hapo, uache uende kwenye taka za kawaida, mmoja mchafu usiharibu ishirini safi.

Kukauka kuna maana kuliko inavyodhaniwa. Maji ndani ya gunia huongeza uzito wa uongo, na mnunuzi mzoefu hukata kilo. Maboksi yakilowa huota ukungu.

Plastiki: namba, kitako na maji

Pembetatu ya mishale yenye namba 1 hadi 7 ilianzishwa Marekani mwaka 1988 ili watenganishaji wajue aina ya plastiki. Haikuwahi kuahidi kwamba chombo kitarejelezwa, ingawa mishale yake imewadanganya wengi. Namba 1 (PET) ni chupa za maji na soda. Namba 2 (HDPE) ni vidumu vya maziwa, sabuni na shampuu. Namba 3 ni PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji. Namba 4 (LDPE) ni mifuko na plastiki laini za kufungia. Namba 5 (PP) ni vikopo vya mtindi na vizibo vingi. Namba 6 (PS) ni sahani na vikombe vyepesi, pamoja na lile povu jeupe. Namba 7 ni mchanganyiko wa zilizobaki. Zenye soko la uhakika zaidi ni 1 na 2, zikifuatwa na 5.

Namba ikiwa imefutika, geuza chupa utazame kitako. Chupa ya PET huwa na nukta ndogo iliyovimba katikati, alama ya mahali plastiki iliyoyeyuka ilipoingilia kwenye kalibu. Chupa ya HDPE huwa na mshono ulionyooka kukatiza kitako. PVC nayo huwa na mshono, lakini ukiikunja kwa nguvu, mkunjo huacha mstari mweupe usiofutika. HDPE huwa na ukungu au rangi nzito na huteleza mkononi kama nta, ilhali PVC inaweza kuwa angavu kama PET. Hiyo PVC angavu ndiyo ya kuiwinda na kuitoa.

Ukiwa bado na shaka, tumia maji:

1. Kata kipande cha sentimita mbili kwa mbili kisicho na lebo wala gundi.
2. Weka maji ndoo ndogo, dondoshea tone moja la sabuni. Bila sabuni, kipande kinaweza kushikiliwa na uso wa maji kikakudanganya kuwa kinaelea.
3. Kizamishe kwa kijiti, kitikise viputo vya hewa vitoke, kisha kiachie.

PP, LDPE na HDPE huelea, maana uzito wake ni kati ya gramu 0.90 na 0.97 kwa kila sentimita ya ujazo. PET (karibu 1.38), PVC na PS (1.05) huzama. Kutenga PS, yeyusha gramu 300 za chumvi katika lita moja ya maji: PS itapanda juu, PET na PVC zitabaki chini. Jaribio hili hukosea kwa povu, kwa kuwa limejaa hewa, na kwa PP iliyochanganywa chokaa au ulanga, ambayo inaweza kuzama.

Viwanda hutumia akili hiyohiyo. Chupa husagwa pamoja na vizibo, chenga hupitishwa kwenye tangi la maji, za vizibo huelea na kukusanywa, za PET huzama. Ndiyo sababu wapokeaji wengi sasa husema kizibo kibaki: kikiwa peke yake ni kidogo mno, hupenya kwenye chujio na kupotea. Toa hewa kwanza ndipo ufunge. Chupa iliyofungwa na hewa yake hupasuka kwa kishindo kwenye mashine ya kufunga marobota.

PVC haitengwi na tangi hilo, kwa kuwa huzama pamoja na PET. Hapo ndipo hasara inapoingia. PET huyeyushwa kwenye nyuzijoto karibu 260 za Selsiasi, na PVC huanza kuvunjika kabla ya kufika hapo, ikitoa tindikali ya haidrokloriki. Tindikali hiyo huikata PET, na plastiki hutoka na rangi ya manjano na vidoadoa vyeusi. Vipande vichache vya PVC katika maelfu vya PET vinatosha kushusha daraja la mzigo. Unyevu nao hufanya madhara yanayofanana, kwa hiyo viwanda huzikausha chenga kwanza. Zikiyeyushwa zikiwa na maji, minyororo ya molekuli za PET hukatika na plastiki inayotoka ni dhaifu.

Makosa mengine mawili ya plastiki huonekana tu mashine inapotenganisha. Kwanza, lebo inayoivisha chupa mwili mzima: kifaa cha kusoma aina ya plastiki huisoma lebo badala ya chupa. Ichane kwenye mstari wa vitundu, au uikate kwa kisu. Pili, plastiki nyeusi: rangi ya masizi humeza mwanga unaotumika kuisoma, nayo hupita kama haipo. Na ikiwa mzigo wako unachukuliwa ukiwa umechanganyika na karatasi ili mashine itenganishe, usizibonde chupa ziwe bapa, kwa sababu mashine huzihesabu kuwa karatasi. Unapouza kwa kilo na zinapangwa kwa mkono, bonda. Chupa za gramu 20 zinahitajika 50 kufikisha kilo moja, na zisipobondwa utasafirisha hewa.

Mifuko laini iwe na gunia lake. Ikiingia kwenye mtambo wa kutenganisha, hujizungusha kwenye mihimili mpaka mtambo usimamishwe na mtu aingie na kisu kuikata. Pakiti za vitafunwa zing'aazo ndani ni habari nyingine: ni tabaka za plastiki tofauti zilizogandanishwa, mara nyingi na utando mwembamba wa alumini. Ifinyange ngumini kisha uiachie. Ikijikunjua, ni plastiki, na wapokeaji wengi hawaitaki. Usiisokomeze katikati ya chupa ukitumaini haitaonekana.

Makopo

Sumaku inamaliza kazi kwa dakika chache. Kopo linalonasa ni chuma, mengi ya nyanya, samaki na maharage. Lisilonasa, jepesi, linalobonyea kwa dole gumba ni alumini, kama makopo mengi ya vinywaji. Usiyachanganye, bei zake hazikaribiani.

Alumini ndipo faida kwa mazingira inapoonekana waziwazi kuliko kwingine kote. Kuiyeyusha iliyotumika hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitengeneza kutoka kwenye madini ya boksiti, maana sehemu ghali, ile ya kuivua oksijeni kwa umeme, ilishafanyika mara ya kwanza. Kopo tupu la mililita 330 lina uzito wa gramu 13 hivi, kwa hiyo kilo moja ni makopo kama 75.

Wapo wanaotia mchanga au maji ndani ya makopo ili mzani upande. Mbali na udanganyifu, maji yaliyonaswa ndani ya kopo lililobondwa yakizama kwenye alumini iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa ghafla na kurusha alumini ya moto usoni mwa wafanyakazi. Yakaushe kabla ya kuyabonda.

Kifuniko chenye makali cha kopo la chuma kitie ndani ya kopo, kisha bana mdomo. Karatasi ya alumini ya jikoni ifute, ikusanye mpaka ifikie tonge la ukubwa wa ngumi, kwani vipande vidogo hupotea. Makopo ya kupulizia dawa au marashi yaishe kabisa, yaani ukibonyeza hakuna mlio. Usiyatoboe wala kuyatupa motoni.

Chupa za kioo

Chupa inayoweza kurudishwa kujazwa upya irudishwe. Hakuna tanuri linaloshinda hilo. Zilizobaki tenga nyeupe, kijani na kahawia, maana rangi ikishaingia kwenye kioo haitoki. Kila asilimia 10 ya vigae, yaani vipande vya chupa zilizotumika, inayoongezwa kwenye tanuri hupunguza nishati kwa karibu asilimia 3, na vigae havitoi ile kaboni dayoksaidi inayotolewa na chokaa na magadi vinapoyeyuka kutengeneza kioo kipya.

Usiweke vikombe vya udongo, sahani za kauri wala bakuli za kioo zinazostahimili oveni. Haviyeyuki kwenye joto la chupa, na punje yake ikibaki nzima ndani ya chupa mpya huwa ndiyo sehemu itakayopasukia. Kioo cha dirisha na vioo vya kujitazamia navyo vikae kando. Ondoa vifuniko vya bati, na usivunje chupa: vipande vidogo havitenganishiki kwa rangi.

Maboksi na pakiti za maziwa

Bandua utepe wa gundi unaobanduka kirahisi, toa povu na plastiki za ndani, kunjua boksi liwe bapa. Pini za chuma ziache, kiwandani hutolewa. Boksi lenye mafuta upande mmoja lichane: upande safi uende kwenye mzigo, wenye mafuta uende kwenye mboji. Usiliache lizikwe jalalani, kwa sababu karatasi ikioza bila hewa hutoa methani, gesi inayotega joto karibu mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi kwa kipindi cha miaka 100. Nyuzi za karatasi hufupika kila zinaporejelezwa na huvumilia mizunguko mitano hadi saba hivi. Mwisho wake mara nyingi huwa trei ya mayai.

Pakiti ya maziwa au juisi si boksi, japo inafanana. Takriban asilimia 75 ni karatasi, 20 plastiki na 5 alumini, nayo huhitaji kiwanda chenye mtambo wake. Ikusanye peke yake kama yupo anayeipokea.

Vya kutoingiza kabisa

Chupa ya dawa ya kuua wadudu haichanganywi na vifungashio vya chakula, hata ikioshwa. Inapoisha, papo hapo jaza maji robo, funga, tikisa sekunde 30, mimina maji hayo kwenye bomba la kupulizia yatumike shambani. Rudia mara tatu, kisha itoboe ili mtu asiichotee maji ya kunywa, uirudishe inapopokelewa. Vitu vyenye betri ndani usitie gunia lolote, kwa sababu betri ya lithiamu ikipondwa huwasha moto mzigo mzima.

Kilichokosa soko usikichome uani. Moshi wa plastiki una sumu, na wa PVC unaweza kubeba dioksini, kundi la sumu kali zaidi.

Kuhifadhi

Inua maboksi kutoka sakafuni kwa mbao, na plastiki iwe kivulini, maana jua la miezi huifanya ivunjike kama ganda la yai. Siku moja kabla ya mzigo kuondoka, fungua kila gunia na uingize pua. Harufu ya uchachu ina maana ipo chupa ya maziwa au juisi iliyofungwa na mabaki yake. Mara nyingi iko chini kabisa, kwa hiyo anza kutafuta kwa kulipindua gunia.