Wathibiti ubora wakija shuleni: jinsi ya kuonyesha hamjamwacha mtoto nyuma

Walimu wenzangu wa Dar, hasa wewe uliyekabidhiwa faili la mahitaji maalumu juzijuzi bila maelezo yoyote, hii ni yako. Taarifa ikishaingia kwamba wathibiti (wale tuliozoea kuwaita wakaguzi wa shule) wanakuja, kinachofuata wote tunakijua, geti linapakwa rangi, bango la ELIMU JUMUISHI linaandikwa kwa maka peni, mwalimu mkuu anasaka mihtasari ya vikao ya mwaka mzima na kuna mtu anaambiwa aikamilishe usiku huohuo. Haisaidii kihivyo. Ushauri wangu ni mmoja na mengine yote yanatoka humo: chagua watoto wanne au watano, mfuatilie kila mmoja kuanzia alipoandikishwa mpaka leo, uone makaratasi yanasema nini na darasani kunatokea nini.

Kwa nini hivyo? Tangu kiunzi cha uthibiti ubora wa shule, yaani mwongozo wao wa kazi, cha mwaka 2017 hawa jamaa wanaangalia maeneo sita: maendeleo ya wanafunzi, ufundishaji na upimaji, mtaala unavyokidhi mahitaji ya mwanafunzi, uongozi, mazingira kwa maana ya afya na usalama, na ushirikiano wa shule na jamii. Ujumuishi, yaani kila mtoto kusoma na wenzake bila kuachwa nyuma, umetapakaa humo kote. Kwahiyo ukimtegemea mwalimu mmoja wa elimu maalumu ajibu kila kitu mmeshakwama, maana mthibiti atamuuliza mwalimu wa hisabati, atamuuliza mwenyekiti wa kamati ya shule, alafu atamuuliza mtoto mwenyewe.

Chukua mfano mtoto wa darasa la nne mwenye uoni hafifu, shule ya mikondo miwili (wengine asubuhi, wengine mchana) huko Mbagala, darasa limejaa. Anza na rejesta na taarifa zake kwenye mfumo wa kompyuta wa taarifa za wanafunzi, je hali yake imeandikwa au anaonekana tu kama mtoto mzito? Nani alimgundua, na lini? Mzazi aliitwa? Kuna karatasi ya hospitali au angalau barua ya kumwombea akapimwe? Haya, baada ya hapo walimu walifanya nini: anakaa mbele upande usiopigwa mwanga wa dirisha, mwalimu anasoma kwa sauti anachoandika ubaoni, karatasi yake ya mtihani inakuzwa kutoka A4 kwenda A3. Na mwisho, ikawaje? Weka matokeo yake ya kabla na ya baada.

Hilo swali la mwisho ndo linakosekana kwenye mafaili mengi niliyoyaona. Shule inaandika "tulimbaini, tukamsaidia", basi, imeishia hapo. Mthibiti anataka aone kama msaada umemsogeza mtoto, na kama haujamsogeza, mlibadilisha nini. Karatasi moja tu inatosha kwa kila mtoto: tulimwonaje, tukafanya nini, ikawaje, tarehe na saini. Usitengeneze fomu ya kurasa saba, hakuna atakayeijaza.

Alafu kuna kitu kidogo kinachosahaulika. NECTA (Baraza la Mitihani) inawaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, dakika 20 kwa kila saa kwenye hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Sasa kama mitihani yenu ya muhula haimpi mtoto huo muda, atakutana nao kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wa taifa akiwa hajui hata kuutumia. Anzeni kumpa sasa, na muandike kwenye ratiba ya mtihani kabisa. Mthibiti akiikuta pale umeshajibu kabla hajauliza.

Hao wengine unaowafuatilia wasiwe wote wenye ulemavu, hapa ndo shule nyingi zinajifunga. Usawa ni mpana. Chukua binti aliyerudi shule baada ya kujifungua, maana Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 umeruhusu, ila kumruhusu kuingia getini ni jambo moja na kumsaidia afidie masomo yaliyompita ni jambo lingine. Chukua mtoto anayetoka mbali, Chanika huko ndani, ambaye makonda wanamwacha kituoni kila asubuhi kwa sababu ni denti. Kisha fungua kitabu cha adhabu uhesabu. Ukikuta wanaochapwa kwa kuchelewa ni walewale wa mtaa uleule, hapo hamna tatizo la nidhamu, mna tatizo la usafiri mnalolichapa viboko. Kulijua hilo kabla hawajaja, mkaongea na wazazi mkabadilisha utaratibu, huo ni ushahidi mzuri kuliko bango lolote.

Na uji jamani. Nenda saa nne ukasimame pembeni ya foleni ya uji. Elimu ni bila ada, lakini chakula wazazi wanachangia, kwahiyo kuna watoto wana vikombe na kuna wale wanaojifanya wana kazi nyuma ya darasa mpaka wenzao wamalize. Shule nyingine zimebandika kabisa ukutani listi ya ambao hawajalipa, majina matatu matatu. Ibandue leo, usisubiri mgeni. Kaeni na kamati mkubaliane namna ya kuwaingiza hao wachache, iandikwe kwenye muhtasari, na utekelezaji usionyeshe nani kalipiwa na nani kajilipia. Mimi nikiambiwa nitazame kitu kimoja tu kujua shule ina usawa au haina, nitaomba nipelekwe kwenye uji.

Takwimu sasa. Mnazo, ila zimekaa kwa ujumla ("ufaulu asilimia kadhaa", makofi). Zipasue: wavulana na wasichana, wenye mahitaji maalumu, na kwa sisi wa Dar usisahau mkondo wa asubuhi na wa mchana, maana wa mchana wanaingia wamechoka na jua na mara nyingi hakuna anayewalinganisha. Fanya hivyo kwa mahudhurio pia, siyo mitihani tu. Tofauti ikijitokeza usiifiche, andika sababu mnayoidhani na hatua mliyochukua.

Darasani kuna zoezi la bure kabisa. Mwambie mwalimu mwenzako akae nyuma na mchoro wa madawati, kila mtoto akiulizwa swali anaweka tiki. Kipindi kikiisha angalieni huo mchoro pamoja. Mara nyingi tiki zimejazana safu mbili za mbele na katikati, kona za nyuma ni nyeupe, na ukichunguza waliokaa huko ni nani utapata majibu mwenyewe. Rudieni baada ya wiki kadhaa, tunza michoro yote miwili. Hapo mthibiti anaona mnajitathmini wenyewe, na hilo wanalipenda sana.

Majengo nitapita haraka. Rampu (njia ya mteremko badala ya ngazi) iwe inapandika: kwa kila sentimita 10 za kimo inatakiwa sentimita 120 za urefu, zile fupi za mwinuko mkali ni za kupigia picha tu, mtoto wa kiti mwendo hawezi kupanda bila kusukumwa. Choo chenye vyuma vya kushikia kisiwe stoo ya mafagio na ndoo, na funguo isikae mfukoni kwa mwalimu wa zamu. Matundu yenyewe kiwango ni wasichana 20 na wavulana 25 kwa tundu moja, najua wengi hatufiki, basi onyesha maombi mliyopeleka halmashauri yakiwa na mhuri wa kupokelewa. Mtoto mwenye ualbino asisimamishwe mstarini juani na asivuliwe kofia eti siyo sare.

Kuhusu upungufu, semeni ukweli. Kama hamna mwalimu wa lugha ya alama na mna mtoto kiziwi, usilete hadithi. Sema hatuna, hii hapa barua kwa afisa elimu maalumu, na wakati tunasubiri tumefanya hivi. Dar tuna bahati, shule kama Buguruni Viziwi na Uhuru Mchanganyiko zipo hapahapa na zina walimu waliobobea, omba mwalimu wenu aende akakae huko siku kadhaa aangalie wanavyofanya. Hata kama amejifunza salamu, namba na maagizo ya darasani tu, ni mwanzo unaoonekana.

Nyie wa shule binafsi msijione hamhusiki. Mtoto akikataliwa kwa intavyuu kwa sababu ana usonji, au mzazi akishauriwa kistaarabu "amtafutie shule itakayomfaa" kwa sababu anashusha wastani, hilo litaonekana kwenye idadi ya walioandikishwa na waliohama. Muwe na maelezo.

Mambo mawili ya siku yenyewe. La kwanza, msiwafundishe watoto majibu. Wathibiti wana uzoefu, watoto kumi wakisema sentensi moja wanajua imetoka ofisini. Na msithubutu kumwambia mtoto yeyote "kesho pumzika nyumbani". La pili, siri za watoto. Karatasi za ugonjwa, ujauzito au ukatili zikae kwenye kabati lenye kufuli kwa mwalimu wa ushauri nasaha, kwenye makaratasi ya mezani weka namba badala ya majina, na mthibiti akihitaji zaidi atazisomea ofisini. Nimewahi kuona faili la namna hiyo limeachwa wazi stafu kila anayeingia anapekua, mtoto mwenyewe anapita dirishani.

Wakishamaliza watawapa mrejesho na ripoti itakuja na mapendekezo. Yaingizeni kwenye mpango wa maendeleo wa shule, kila pendekezo na jina la mhusika na tarehe, siyo "uongozi wa shule" kwa kila mstari. Ruzuku ya shule za msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka kwahiyo tusidanganyane, anzeni na yasiyo na gharama kama kupanga upya madawati, kuhamisha mafagio chooni na kumpa mtoto dakika zake za ziada. Ya pesa yapelekeni kikao cha wazazi yakiwa na bei kabisa, mtashangaa kuna fundi seremala au mwashi mtaani aliyekuwa anasubiri tu kuombwa.